Heko kwa Safu ya Baridi

Cape Town ina upepo wa kiangazi wenye cheo. Upepo huo wa kusini-mashariki huwayumbisha watu wazima barabarani, hubingirisha mapipa ya taka, na moto ukizuka milimani huusambaza kabla wazimamoto hawajavaa buti. Kwa utumishi wake huo wenyeji waliupa jina la Daktari wa Cape, wakidai kwamba unapeperusha moshi na uchafu wa jiji hadi baharini. Lakini safu ya hewa baridi, inayobisha hodi kuanzia Aprili na Mei, majani ya mizabibu yanapoanza kupukutika, haijapewa hata ukarani. Ikikaribia, watangazaji wa redio hushusha sauti kana kwamba wanasoma taarifa ya msiba. Dhuluma hiyo imedumu mno, na ni haki mtu ajitokeze kuitetea safu hiyo.

La kwanza ni adabu yake. Safu ya baridi haivamii. Siku moja au mbili kabla, hutanguliza mawingu mepesi yaliyo juu sana. Mgandamizo wa hewa hushuka, na upepo huanza kutoka kaskazini-magharibi. Mara nyingine hutuma mbele upepo mkavu wa moto unaoteremka kutoka nyanda za juu za bara, na watu wakajaa ufukweni katikati ya Mei wakidhani kiangazi kimeghairi safari. Kisha hufika yenyewe. Mvua hupiga kwa saa kadhaa, upepo huruka ghafla upande wa kusini-magharibi, joto huporomoka, na anga hufunguka vipande vipande, likibakiza manyunyu ya hapa na pale na baridi ya kuvalia sweta. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu huwa ameshavuka kuelekea mji wa Gqeberha, mashariki, kabla ya mtu yeyote kukumbuka jembe liko wapi.

Kazi yake si ya ajabu. Hewa iliyotoka upande wa Antaktika ni nzito. Ikikutana na hewa ya vuguvugu hujipenyeza chini yake na kuinyanyua. Hewa iliyonyanyuliwa hupoa, unyevu wake hugeuka mawingu, na mawingu huwa mvua. Waliolieleza jambo hili vizuri ni wanasayansi wa Bergen, mji wa Norway unaonyeshewa zaidi ya siku 200 kwa mwaka, kwa hiyo hawakukosa vielelezo. Mwaka 1919 Jacob Bjerknes, kijana wa miaka 21 aliyefanya kazi chini ya baba yake Vilhelm, alichapisha maelezo ya jinsi hewa mbili zinavyopambana kwenye mpaka wao. Vita Kuu ilikuwa imekwisha juzi tu, na lugha ya mahandaki ilikuwa bado midomoni mwa watu. Mpaka huo ukaitwa kwa jina la mstari wa mapigano. Siku hizi mtajwa wetu huchorwa kwenye ramani kwa mstari wa buluu wenye meno. Daktari, wakati huohuo, hakuwahi kuchorewa jino hata moja.

Wapinzani hupenda kuleta orodha ya meli. Ni kweli, Table Bay, ghuba ya Cape Town, iko wazi kabisa kwa upepo wa kaskazini-magharibi, na meli zilizotia nanga humo wakati wa mvua zilisukumwa ufukweni. Mei 1737 dhoruba moja iliangamiza meli kadhaa za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki zilizokuwa zikirudi nyumbani na shehena. Hasara ilipozidi, kampuni ikaamuru katika miaka ya 1740 kwamba kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti meli zikatie nanga Simon's Bay, upande wa pili wa rasi. Hivyo ndivyo Simon's Town ulivyopata riziki. Mji mzima umezaliwa kwa hofu ya mvua, na hakuna sanamu hata ya tone moja!

Amri haikumaliza maafa. Tarehe 1 Juni 1773 meli ya De Jonge Thomas ilikuwa bado Table Bay na ikapasuka karibu na pwani. Mzee mmoja, Wolraad Woltemade, aliingia baharini juu ya farasi wake mara saba na kuwatoa watu 14. Mara ya nane waliokata tamaa walimrukia wengi mno, wakazama wote, yeye na farasi. Hapa msifu hana budi kukohoa kidogo na kuendelea.

Mwaka 1860 mwana wa Malkia Victoria, Alfred, mwenye umri wa miaka 16, alimwaga shehena ya kwanza ya mawe ya ukuta wa kuzuia mawimbi ya Table Bay. Wafungwa wakamwaga zilizobaki, kwa miaka mingi na bila sherehe. Ukuta ulikuwa haujakamilika tarehe 17 Mei 1865 dhoruba nyingine ilipovunja meli nyingi na kuizamisha meli ya barua, Athens, pamoja na watu wake. Bandari iliyozaliwa na ukuta huo leo ni V&A Waterfront, ambako watalii hula samaki na kununua miwani ya jua. Hakuna anayemtolea aliyesababisha ukuta huo hata senti ya pango.

Yote hayo ni utangulizi. Ushahidi mkubwa wa thamani yake ulitolewa na safu ya baridi pale ilipokaa kimya.

Majira ya mvua ya mwaka 2015 yalikuwa duni. Ya 2016 pia. Ya 2017 yakawa mabaya kuliko yote. Safu za baridi zilipita mbali kusini, juu ya maji ambako hakuna mpiga kura, huku hewa yenye mgandamizo mkubwa ikizifungia mlango. Moja iliyofika kwa hasira, tarehe 7 Juni 2017, ilifungisha shule za mkoa mzima na kung'oa mapaa, lakini mvua yake haikutosha kuondoa ukame. Na upepo mkavu uliovuma mbele yake ulichochea moto mkubwa kule mjini Knysna, ulioua watu na kuteketeza mamia ya nyumba. Hata mtetezi mwenye ulimi mtamu hawezi kuisafisha siku hiyo.

Theewaterskloof, bwawa lenye zaidi ya nusu ya ujazo wa mfumo wote wa maji wa eneo hilo, likageuka uwanja wa mchanga na visiki. Kuanzia 1 Februari 2018 kila mkazi alitakiwa kutumia lita 50 tu kwa siku. Watu walishauriwa kuoga kwa dakika mbili, na maji ya kuogea yalikingwa ndooni ili yakasafishe choo. Jiji lilitangaza Siku ya Sifuri, siku ambayo mabomba ya nyumbani yangefungwa na watu kupanga foleni kwenye vituo vipatavyo 200 kupokea lita 25 kila mmoja. Tarehe yake ilitajwa kuwa ya Aprili, ikasogezwa Mei, kisha Juni, kisha Julai. Penye chemchemi ya Newlands, mtaa wa wenye nacho, magari ya kifahari yalipanga mstari na wenyewe wakabeba madumu. Msomaji wa Manzese au Kibera asicheke sana: kwake hiyo ni Jumanne ya kawaida, na hakuna aliyewahi kuitungia jina la kutisha.

Katika miezi hiyo utabiri wa hali ya hewa ulisomwa kwa shauku ya matokeo ya mpira. Wingu jeusi juu ya Atlantiki lilipigwa picha, likasambazwa, likaombewa. Safu za baridi ziliporejea mwaka 2018, waliokuwa wakizitukana miaka yote walisimama nje bila miavuli wakilowa kwa hiari, na kufikia Septemba mabwawa yalikuwa yamepita asilimia 70. Haikuchukua muda mrefu malalamiko kuhusu foleni za magari na nguo zisizokauka yakarudi palepale yalipoachwa.

Kuna wateja wengine wasio na kelele. Wakulima wa ngano wa Swartland hungoja mvua za Aprili na Mei ndipo wapande. Mitufaha ya Ceres na Elgin huhitaji mamia ya saa za baridi ili ichipue kwa pamoja majira yanapogeuka, kwa hiyo kila tufaha linalouzwa kutoka huko limewahi kutetemeka. Na theluji ikianguka mlimani Matroosberg, familia hupanda magari kwenda kuishika kwa mikono, kisha hurudi zikilalamika kwamba kulikuwa na baridi.

Lipo swali ambalo sifa haziwezi kulikwepa. Newlands, chini ya kivuli cha Table Mountain, hupata mvua ya takriban milimita 1,500 kwa mwaka. Uwanja wa ndege, ulio Cape Flats, kilomita zisizofika 20 kutoka hapo, hupata kama milimita 500. Mbona basi wanaoamka wakiwa ndani ya maji ni watu wa Cape Flats? Ardhi hiyo ni mchanga tambarare, na maji ya chini yake hupanda juu haraka. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilitumia sheria yake ya mwaka 1950 ya kutenga makazi kuwahamishia huko wakazi wa mjini. Mtaa wa District Six pekee, uliotangazwa kuwa wa Wazungu mwaka 1966, uliondolewa zaidi ya watu 60,000. Kitongoji cha Khayelitsha kilifuata katika miaka ya 1980, na vibanda vyake vya mabati vingali vikifurika. Safu ya baridi inakiri kumwaga maji. Ramani ya makazi haikuichora yenyewe.

Ikishamaliza kazi, huacha nyuma yake hewa baridi yenye mgandamizo mkubwa, ambayo husogea hadi Bahari ya Hindi na kusukuma upepo wa ubaridi kupitia Mlango wa Msumbiji. Safu yenyewe kwa kawaida haifiki Tanzania, lakini msukumo wake hufika: kusi hukaza, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, Dar es Salaam watu hutoa makoti kwa nyuzi 20, na Makete wanawasha moto tangu jioni. Mvuvi wa Mtwara anayevuta mtumbwi wake mchangani siku hiyo, akikosa kitoweo na mauzo, humlaumu kusi aliyemzoea. Hajui kwamba mkosaji yuko Cape Town, anasifiwa magazetini.