Mwenye Bisibisi Yake

Jirani yangu ana Toyota iliyokuja na redio yake ya Japani, ile ya FM inayoishia 90. Stesheni zetu zinapanda mpaka 108, kwa hiyo amesikiliza zaidi mkwaruzo kuliko habari. Juzi akanunua redio mpya ya kioo, Kariakoo. Fundi akataka elfu thelathini ya kuifunga.

"Elfu thelathini kuunga waya?" Akacheka, akaenda kununua bisibisi.

Saa tatu asubuhi dashibodi ilikuwa juu ya kiti. Saa sita ilikuwa chini ya mwembe. Kwenye redio, waya wa njano huchukua umeme wa betri muda wote, ndio unaotunza kumbukumbu. Mwekundu huamka na ufunguo. Mweusi ni wa bodi. Upande wa gari rangi ni nyingine kabisa, na soketi ya kuoanisha pande hizo mbili inauzwa duka lile lile. Hakuinunua. Ya nini? Ana tepu, ana meno.

Redio inaimba, tusimnyime haki yake. Ila akizima gari inasahau kila kitu, kwa kuwa njano na nyekundu amezipishanisha. Spika za nyuma zimenuna. Skrubu saba zimebaki mkononi. Anasema Wajapani huweka za akiba.

Jana kamrudia fundi, kimya kimya. Bei sasa ni elfu sabini: thelathini ya kufunga, arobaini ya kufumua kazi ya mwenye gari.