Shangazi, Mjomba na Namba za Siki

Kila ukoo una mtu anayeamini hakuna balaa duniani lisiloondoka kwa siki. Sisi tumejaliwa wawili: Shangazi, mkazi wa Tanga mjini, na Mjomba, aliyehamia Lushoto kufuata baridi. Hawapatani kwa siasa wala kwa mpira, ila ikitajwa siki, huwa chanda na pete. Kinachowaponza ni kimoja. Wote wawili hawasomi namba iliyoandikwa kwenye chupa.

Shangazi ni mtu wa siki ya mezani, yenye asidi ya asetiki kama asilimia 5. Iliyobaki karibu yote ni maji. Kwa achari ya maembe na kachumbari hana mpinzani Tanga nzima, na ujuzi huo ni wa kurithi. Bibi, mama yake, hakuwahi kununua siki. Aliliacha tembo la mnazi lichachuke lenyewe. Louis Pasteur alieleza katika miaka ya 1860 kwamba vijidudu hai ndivyo vinavyogeuza kileo kuwa siki. Bibi hakumsoma Pasteur, na achari yake haikupata kuota ukungu.

Tatizo ni kwamba Shangazi hakuishia jikoni kwa Bibi. Tanga imekalia mawe ya chokaa, ndiyo yaliyotupa mapango ya Amboni na kiwanda cha saruji, na maji ya visima vyake huacha ukoga mweupe ndani ya birika la umeme. Ukoga huo ni kalsiamu kaboneti. Chemsha siki na maji nusu kwa nusu, acha saa moja, suuza vizuri, birika linang'aa. Shangazi alifanya yote hayo barabara, isipokuwa kusuuza. Aliliacha birika limejaa, akaenda kuoga, asimwambie mtu.

Siku hiyo washenga walikuwa wanakuja kumposa binti yake. Binamu yangu mmoja akaingia jikoni, akakuta birika la moto, akamshukuru Mungu, akamimina kwenye majani ya chai na kutia maziwa. Maziwa yakakatika mabonge mabonge. Washenga walikuwa watu wa adabu, walikunywa. Mkubwa wao, baada ya kumeza kwa shida, aliuliza kwa upole kama huu ndio mtindi wa Kitanga. Posa ilikubaliwa, ndoa ikafungwa, lakini mpaka leo wakwe wakija kututembelea hubeba chupa yao ya chai.

Habari ya birika ilimfikia Mjomba nusu nusu: alisikia ya kung'aa tu. Akatafuta siki ya usafi, ile ya asilimia 10, na mkesha wa Idd akaipigia deki sebule nzima. Sakafu yake ni ya terazo, iliyojaa vipande vya marumaru. Marumaru nayo ni kalsiamu kaboneti, ndugu wa damu wa ule ukoga wa birika, na siki haijui chokaa ipi ni uchafu na ipi ni sakafu. Ilichemka kidogo, ikatoa povu jepesi, na kulipokucha sebule ilikuwa imefifia kuanzia mlangoni hadi dirishani. Mjomba alitandika mikeka, akawatangazia wageni wa Idd kwamba ameamua kurudi kwenye mila.

Shangazi hakukubali kupitwa. Akaona kwenye simu mtu akizibua sinki kwa siki na magadi soda. Alipomimina, povu lilipanda hadi ukingoni, naye akatuita wote tuje kushuhudia. Kweli lilipendeza. Lakini povu lile ni gesi ya kaboni dayoksaidi tu. Asidi na magadi vikikutana humalizana, na kinachoshuka bombani ni maji yenye chumvi kidogo. Fundi alikuja jioni, akachomoa kijiko na kokwa la embe. Shangazi akasema povu ndilo lililovilegeza. Kesho yake akachanganya siki na magadi kwenye chupa ya soda na kuifunga kabisa, eti isipoteze nguvu. Kizibo kiligonga dari, na paka hakurudi nyumbani hadi Magharibi.

Kuna mchanganyiko mmoja ambao hata katika ukoo wetu haufanyiwi mzaha: siki na dawa ya madoa yenye klorini, ile inayomiminwa chooni. Ukizikutanisha hutoka gesi ya klorini, gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, kuulia watu vitani. Choo hakihitaji usafi wa namna hiyo.

Kilele kilikuwa Mjomba na hesabu zake. Alikaa akafikiri, akagundua kwamba kununua siki ya asilimia 5 ni kulipia maji. Akashuka Dar es Salaam, akarudi na kidumu cha asidi ya asilimia 99. Lita moja ya asidi, lita 19 za maji, unapata karibu lita 20 za siki! Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini kidumu kile kilitengenezwa kwa ajili ya viwanda na maabara, si kwa kachumbari. Asidi hiyo huunguza ngozi, mvuke wake unakata pumzi, na ikipata joto la nyuzi 40 hivi mvuke huo unaweza kushika moto.

Ilikuwa Julai, na Lushoto usiku wa Julai si mahali pa kusahau blanketi. Asubuhi Mjomba alikuta kidumu kimeganda kama jiwe. Akampigia simu muuzaji, akamporomoshea maneno: umeniuzia barafu! Masikini, asidi ya asetiki iliyo safi huganda kwenye nyuzi 16.6. Kule kuganda ndiko kulikuwa ushahidi kwamba hakuibiwa. Yeye akasogeza jiko la mkaa ili kuyeyusha. Bahati nzuri Shangazi alikuwa amekuja kumjulia hali. Alinusa mara moja tu, akalibeba jiko na kulitoa nje mbio, kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake akatamka, "Shemeji, siki imetosha."

Basi ndugu msomaji, asidi ni ile ile. Kinachotofautiana ni maji, na namba ndiyo inayokuambia. Asilimia 5 ni ya chungu na birika. Asilimia 10 ni ya sinki na vioo, mbali na terazo na marumaru. Ya 99 waachie wenye maabara, na hao humimina asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi. Ikikurukia mwilini au jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali. Usipake magadi soda, hata kama Shangazi anasisitiza.