Patasi ya Nyumba Nzima

Ukitaka kujua thamani ya patasi, usimuulize fundi wa Keko. Muulize mtu aliyekaa na kopo la rangi lililogoma kufunguka. Fundi atakueleza habari za fremu za milango na matundu ya vitasa. Huyu wa kopo ataitazama patasi iliyonolewa jana usiku, atamshukuru Mungu, kisha ataitia kwenye mfuniko na kuikandamiza kwa uzito wake wote.

Nimefuga zana nyumbani muda wa kutosha kujua kwamba kila moja ina maisha mawili. Kuna kazi iliyotengenezewa kiwandani, na kuna kazi inayopangiwa na wanakaya mwenyewe akiwa ametoka. Koleo limeumbwa libane na kung'oa. Kwetu linaepua sufuria jikoni. Bisibisi hukaza skrubu. Kwetu hutoboa kopo la maziwa. Nyundo ikifika Ramadhani huacha misumari na kuhamia kwenye barafu. Randa peke yake ilisalimika kwa miaka, maana hakuna aliyejua inafanya nini, mpaka siku shemeji yangu alipoichukua, akautazama ule wembe wake, halafu akayatazama magaga ya miguu yake. Niliinyakua kabla wazo halijakomaa.

Vitabu vya ufundi hupenda kuorodhesha zana za kuanzia: msumeno, nyundo, patasi, randa, skwea, futi. Orodha nzuri, ila imeandikwa na watu wanaoishi peke yao. Mwenye familia anatakiwa kuambiwa ukweli kwamba kila kitu anunue viwili: kimoja cha kazi, kimoja cha watu.

Karakana yangu iko upenuni, katika nyumba ya kupanga huko Temeke, kati ya karo la kufulia na kamba za kuanikia nguo. Meza ya kazi ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya vigingi viwili. Kimo chake ndicho kimo sahihi kwa mpiga randa: simama wima, ning'iniza mikono, na pale kilipo kifundo cha mkono ndipo uso wa meza uwepo. Ikiwa juu zaidi utaranda kwa mabega, ikiwa chini zaidi utaranda kwa kiuno, na kiuno kina kumbukumbu ndefu. Bahati mbaya kimo hicho ndicho pia kimo sahihi cha kupigia pasi, kukunja chapati na kuparia samaki. Nitawarudia hao samaki.

Nianze na patasi. Kwa kawaida huchongwa mlalo wa nyuzi 25 hivi, kisha ncha hunolewa kwa nyuzi 30 ili makali yadumu. Huhitaji jiwe la bei mbaya. Tafuta kipande cha kioo kinene, bandika msasa wa maji juu yake, lowesha, anza na namba 220, nenda 400, malizia na 1000. Laza kwanza mgongo wa patasi mpaka ung'ae, ndipo ugeukie upande wa mlalo. Ikishapata, itakata mwisho wa ubao wa msonobari, pale nyuzi zinapokuelekea uso kwa uso, bila kuuponda. Kazi hiyo inakula jioni nzima. Kopo moja la rangi huimaliza kabla hujajibu salamu.

Nilijaribu elimu kwa umma. Niliieleza kaya kwamba patasi butu ndiyo ya hatari, kwa kuwa hulazimishwa, na chuma kinacholazimishwa huteleza, na kikiteleza hutafuta nyama. Mama Asha alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha akauliza, "Sasa Baba Asha, kopo tulifungue na nini?"

Lilikuwa swali la haki. Nilikwenda Kariakoo nikanunua patasi ya bei ya chini kuliko zote, nikaipaka mpini rangi nyekundu, nikaitundika mlangoni mwa jiko. Nikatangaza kwamba hii ni ya umma: fungua makopo, banja dafu, kwangua ukoko, fanya utakalo. Mpango ulifanikiwa kupita kiasi. Haukupita muda wakaanza kunifuata na patasi ya umma mkononi, wakilalamika kuwa imekuwa butu na lini nitawanolea.

Futi kamba ilipata mkasa wa aina nyingine: ilipata mtu wa kuihurumia. Ile ncha yake ya bati, inayonasa kwenye ukingo wa ubao, huwa imelegea. Imelegezwa makusudi. Hucheza mbele na nyuma kwa kiasi cha unene wake yenyewe: ukiinasa ukavuta, hutoka kidogo, ukiisukuma ukutani, huingia kidogo, hivyo kipimo cha nje na kipimo cha ndani vyote husema kweli. Ni akili kubwa iliyofichwa ndani ya kibati kidogo.

"Shemeji," aliniambia yule wa magaga, akitabasamu, "futi yako ilikuwa inalegea. Nimekugongea."

Alikuwa ameigonga vizuri, kwa nyundo, ikiwa imesukumwa ndani kabisa. Tangu hapo kila ubao nilioupima kwa kunasa ulikatwa pungufu kwa unene wa kibati kile. Milimita moja hivi si kitu, mpaka uikusanye pande zote za droo. Kabati lililozaliwa msimu huo lina droo zinazofunguka zenyewe mtu akikohoa sebuleni.

Njia ya kukwepa ncha iliyoharibika inajulikana: anza kupima kwenye alama ya sentimita 10 badala ya sifuri, kisha mwishoni toa hizo 10. Hatari yake inajulikana vilevile, kwamba mtu husahau kutoa. Basi nikamkabidhi shemeji jukumu moja tu, la kukumbuka. Alikumbuka, akazitoa. Nami nilikuwa nimekwisha kuzitoa. Ubao ule wa mninga, mbao isiyonunuliwa kwa mzaha, sasa ni rafu ya kuwekea mswaki.

Dawa ya kweli ni fimbo. Chukua upapi mwembamba, usimamishe pale kabati litakapokaa, weka alama za penseli: hapa rafu, hapa droo, hapa mwisho. Kisha hamishia alama hizo moja kwa moja kwenye mbao. Fimbo haina namba, kwa hiyo hakuna cha kusahau wala cha kutoa. Na haina kinacholegea, kwa hiyo shemeji hana cha kugonga.

Sasa wale samaki. Nilitengeneza kigoda cha mtiki, cha miguu mitatu. Mitatu ni hesabu ya busara kwa sakafu zetu, kwa sababu miguu mitatu hukanyaga yote hata pale sakafu inapobonyea, ilhali wa nne siku zote hutafuta sababu ya kuning'inia. Viungo nilivitia gundi nyeupe ya mbao, nikavibana usiku kucha kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Hii ndiyo klampu ya bei nafuu kuliko zote: kata mpira uwe utepe mrefu wa upana wa vidole viwili, vuta kwa nguvu, zungusha, zungusha tena, chomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Kila mzunguko huongeza mbano, na hubana hata maumbo ya mviringo yanayozishinda klampu za chuma.

Asubuhi kigoda kilikuwa kimekaa kifalme. Akaja baba mwenye nyumba kudai kodi. Nikamkaribisha, "Keti, Mzee." Akaketi. Kigoda kilimpokea, kikamfikiria, kisha miguu ikaaga, kila mmoja njia yake.

Uchunguzi ulifanyika palepale, Mzee akiwa bado chini. Nilimwonyesha kwamba hakuna kilichovunjika: mbao nzima, matundu mazima, gundi imetoka safi kama ganda la yai. Ilikuwa haijashika kabisa. Gundi ya mbao huhitaji kupenya kwenye vinyweleo vya ubao, na panapokuwa na mafuta haipenyi. Mtiki wenyewe una mafuta yake ya asili, ndiyo maana kabla ya kuutia gundi huupangusa kwa kitambaa chenye spiriti au tina, na niliupangusa vizuri sana. Ila baada ya hapo miguu ililala juu ya meza, na jioni ile juu ya meza palikuwa pameparuliwa vibua. Nilimnusisha Mzee mguu mmoja awe shahidi. Alinusa, akainuka, akajipangusa suruali, akasema kodi ya miezi mitatu ijayo ataipokea akiwa amesimama.

Usidhani wapangaji wenzangu wako upande wangu. Tunatumia LUKU moja, na nikiwasha drili nasikia milango inafunguka, vichwa vinachungulia mita. Nikaitisha hesabu hadharani. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Drili yangu ni ya wati 600. Ikizunguka dakika 10 mfululizo, na hakuna anayetoboa dakika 10 mfululizo, imekula uniti 0.1. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa imekula 0.5, mara tano ya drili. Jirani wa chumba cha mbele, ambaye hupiga pasi mpaka shuka, alizipokea takwimu hizo kwa utulivu. Kisha akauliza mashine inayopiga kelele namna ile itakulaje kidogo kuliko pasi iliyonyamaza. Wengine wakaitikia kwamba hapo amesema. Siku hizi kazi za jioni nazifanya kwa msumeno wa mkono, ambao hauna mita wala wapinzani.

Mjomba naye alichangia somo la kemia. Alipita Ijumaa, kanzu nyeupe ya pamba imenyooka, akataka kubazi lake libandikwe upesi awahi msikitini. Akaichukua supagluu mwenyewe, akaibinya kwa haraka ya mtu anayesikia adhana, na nusu ya chupa ikamwagikia mapajani. Gundi ile ikikutana na pamba hukauka kwa ghafla na kutoa joto kali, kiasi cha kuunguza. Kanzu ikaanza kufuka moshi. Mjomba akaanza kusoma Ayatul Kursi. Nikammwagia ndoo ya maji ya karo, jambo lililozima joto na safari kwa pamoja. Kwa hiyo supagluu usiifute kwa pamba wala fulana. Vidole vikigandana, usivivute kwa nguvu. Viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uvibanduane polepole. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, husaidia pia. Mjomba mpaka leo ananunua makubazi ya kushonwa.

Hayo yote niliyapanga kama mashtaka, nikayawasilisha mezani baada ya chakula cha usiku. Mama Asha akaniomba nimalize kwanza, kisha akatoa daftari lake.

Vibanio vya nguo: vimepungua kutoka kwenye kamba. Ni kweli, kibanio hushika msumari mdogo ukiwa unaupigilia, nyundo ikikosea ikaangukia plastiki na si kidole. Sabuni ya mche: ina matundu. Ni kweli, skrubu ikisuguliwa kwenye sabuni huingia kwenye mbao ngumu bila kukatika shingo. Chujio la chai: limeonekana na unga wa mbao. Ni kweli, unga laini uliochekechwa ukichanganywa na gundi huziba nyufa kwa rangi ya mbao yenyewe, na chujio la chai lina matundu ya saizi inayofaa. Mafuta ya cherehani: yamekwisha. Ni kweli, hewa ya bahari hailali, na chuma kisichopakwa mafuta Dar es Salaam huota kutu upesi. Bahasha ya kadi ya mchango wa harusi: imekutwa imebandikwa ukutani chini ya tundu, imejaa vumbi la saruji. Ni kweli pia, na sakafu ilibaki safi, jambo ambalo daftari halikulitaja.

Tukakubaliana kwa maandishi. Jiko lisiguse chochote chenye mpini usiopakwa rangi nyekundu. Karakana iwe na chujio lake, vibanio vyake na sabuni yake. Samaki waparuliwe karoni. Makopo ya rangi yafunguliwe kwa mpini wa kijiko, kuzunguka ukingo kidogo kidogo, namna ambayo mfuniko hautapinda na utafungika tena.

Kifungu cha mwisho kinamhusu shemeji: haruhusiwi kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika. Alikisoma mara mbili, akakisifu, akasema kina busara. Ila akaomba afafanuliwe ni nani atakayekuwa anaamua kipi kimeharibika. Kikao kiliahirishwa hapo, na nimelala na futi chini ya mto.