Chenji ya Mamba

Mamba wa ng'ambo ya mto aliwauzia wanyama wa nyikani mnara wa kuchungulia tai. Mnara ulikuwa mrefu kweli, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya tai wenyewe, maana nyika nzima haikuwa na tai wa kumtisha hata kifaranga. Mnara ukalipiwa kwa mahindi ya mkopo, na Kinyonga, dalali, akachota kamisheni yake kabla msumari wa kwanza haujapigwa.

Siri ikavuja. Bundi, mwendesha mashtaka wa huko huko ng'ambo, akakusanya karatasi miaka na miaka, kisha akatangaza: "Tumeelewana. Mamba anakiri kwamba hesabu zake hazikutunzwa vizuri, na anatoa vikapu 30. Nusu kikapu ni faini, vingine vyote ni vya nyika."

Ngedere akaruka. "Hesabu? Kwani tulimshtaki kwa mwandiko mbaya? Aitwe mwizi, ang'olewe meno!"

"Mzee Ngedere, nimwite nani shahidi? Kinyonga? Kila nikimhoji ana rangi nyingine. Kesi itakwenda mpaka wajukuu zako waote mvi, na tukishindwa hupati hata punje. Tukishinda, faini inaingia ghala la ng'ambo, si lako. Na wale ndege maelfu wanaomchokoa meno wamekosa nini? Mamba akifungiwa masoko yote, wao ndio watakaotangulia kulala njaa."

Ngedere alinyamaza, ila mkia ulibaki umesimama. Mimi niko upande wa Bundi, kwa kinyongo. Watanzania hawahitaji kufumbuliwa fumbo hili: ni ile "chenji ya rada". Tanzania iliuziwa rada kwa pauni milioni 28. Mwaka 2010 kampuni iliyoiuza, BAE Systems, ikaelewana na waendesha mashtaka wa Uingereza, ikakiri kosa la kutotunza vyema kumbukumbu za hesabu, na mwaka 2012 pauni milioni 29.5 zikalipwa kwa ajili ya vitabu na madawati. Neno rushwa halikuandikwa kwenye kosa lile, na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini hasira yangu haijawahi kununua dawati.

Turudi nyikani. Vikapu vilichelewa, kwa sababu Mamba alitaka avigawe mwenyewe kupitia kamati yake, kana kwamba anatoa sadaka. Wanyama wakakataa katakata. Vilipofika hatimaye, madawati yakachongwa, na watoto waliokuwa wakikaa vumbini wakakaa juu. Mamba akatuma kibao kizuri cha kupigilia ukutani: "Msaada wa Mamba." Mwalimu Sungura akakitia jikoni kuni zilipopungua, akapasha chuma moto na kuchoma neno moja kwenye kila dawati: CHENJI.

Ngedere akalisoma, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, chenji tumeiona. Noti alibaki nayo nani?"

Sungura akamwambia akae, kipindi kimeanza.