Subira Huvuta Jino

Waingereza wanajulikana kwa kupanga foleni, na huduma yao ya afya ya umma, NHS, imeupa ustaarabu huo makao rasmi. Kanuni yasema asilimia 92 ya wagonjwa waanze tiba ya hospitali ndani ya wiki 18. Mara ya mwisho ilitimizwa Februari 2016. Kufikia Septemba 2023, orodha ya kusubiri ya England peke yake ilizidi kesi milioni 7.7. Kesi, si watu: mwenye goti bovu na mtoto wa jicho huhesabiwa mara mbili. Bahati iliyoje!

Meno yana raha yake. Aliyekosa daktari wa meno wa NHS mtaani kwake haingii kwenye orodha hiyo, kwa hiyo kitakwimu haumwi. Februari 2024, kliniki ya meno ilipofunguliwa upya St Pauls, Bristol, mamia walijipanga barabarani hadi polisi wakaja kusimamia. Wengine hujitibu nyumbani kwa koleo. Kamati ya Bunge iliandika habari hizo mwaka 2023.

Sababu mojawapo ni mkataba wa NHS na madaktari wa meno wa 2006, uliomlipa daktari kiasi kilekile, kwa miaka mingi, azibe jino moja au matano. Mwenye matano akageuka mgeni asiyealikwa.

Aneurin Bevan, mwasisi wa NHS, alijiuzulu uwaziri mwaka 1951 akipinga wagonjwa kutozwa fedha za meno bandia na miwani. Leo mwenye jino linalomkosesha usingizi angeilipa ada hiyo akishangilia, ili mradi aonyeshwe dirisha la kulipia.