Mzungu na Mbwa Barazani kwa Mwalimu

Programu za kuchorea nyumba huja na watu wake. Ukishamaliza kuta na madirisha unabofya hapa na pale, mara uani panaota msonobari, gari jekundu linaegeshwa, na mwanamke wa Kizungu mwenye miwani ya jua anapita barazani na mbwa wake. Sisi wachoraji tumemzoea. Mwalimu mstaafu mmoja wa hapa Butimba, Mwanza, aliyekuja kutazama picha ya nyumba yake ya uzeeni, hakuwa amemzoea. Aliivuta laptopu karibu, akakaza macho, kisha akauliza kwa upole wa mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote:

"Ng'wanawane, huyu mama ni nani, na chumbani kwangu alikuwa anafanya nini?"

Nikamweleza kuwa ni pambo tu, huwekwa ili mtu apate kujua ukubwa wa nyumba.

"Kama ni ukubwa, niweke mimi. Na mbwa mtoe, mzee hapatani na mbwa."

Tangu hapo simwonyeshi mteja picha ya rangi kabla hatujakubaliana vyumba. Akishaiona hatazami tena mlango unafungukia wapi, wala kama kitanda cha futi sita kwa sita kitabakiza njia ya kufikia kabati. Anatazama gari. Nimewahi kuulizwa kama limo kwenye bei.

Programu zenyewe zina kwao. AutoCAD ilitoka California mwaka 1982, ArchiCAD ikazaliwa Budapest muongo huohuo, na waliozitunga hawakuwa wakiiwazia Butimba. Kwa hiyo zinakuja na tabia za nyumbani kwao. Unaweza kuchora ukuta ukauona mnene kama milimita 300, ukuta wa mtu anayekimbia theluji. Huku tofali la inchi 6 ni milimita 150, ukipiga lipu pande zote mbili unafika kama 180. Usipourekebisha mapema, nyumba nzima itakuwa na vipimo ambavyo fundi hawezi kuvipata kwa tofali lolote lililoko sokoni.

Jua nalo ni hivyo hivyo. Usipoiambia programu uko wapi, inakuangazia jua la kwao, lile linalokaa kusini mwaka mzima. Mimi kabla ya kuchora chochote naingiza Mwanza: nyuzi 2.5 kusini, nyuzi 32.9 mashariki. Hapo ndipo ugomvi wangu na mwalimu ulipoanza, kwa sababu alitaka sebule yenye kioo kikubwa kinachotazama ziwa. Ombi la haki kabisa, nani anajenga kwenye mlima wa Butimba ili atazame bomba la jirani? Lakini kutoka hapa ziwa liko magharibi. Nikaiweka saa ya programu kwenye saa kumi alasiri, kochi zote zikageuka njano, na mwanga ukafika mpaka ukuta wa jikoni.

"Mapazia yapo," akasema mwalimu.

"Sasa ziwa utalionaje?"

Akafikiri. Tukaishia na baraza pana upande wa ziwa, kioo kikarudi nyuma yake, na madirisha ya kupitisha upepo tukayapeleka kaskazini na kusini. Si dawa kamili, jua la kumi na moja huchungulia chini ya paa lolote, ila saa hiyo mzee huwa ameshatoka kwenda kutafuta kahawa.

Halafu kuna jiwe. Hati ya kiwanja ilitaja bikoni, mipaka na mita za mraba, ila jiwe lenye ukubwa wa daladala lililokaa palepale jiko lilipopangwa haikulitaja. Kwenye skrini kiwanja kilikuwa cheupe na tambarare kama sahani. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaojifunza kazi hii wafungue tepu kabla ya kufungua laptopu. Pima pande zote, pima na mishazari kona hadi kona, maana pande nne zinaweza kutimia na kiwanja kikawa kimepinda bado. Kisha yapime mawe na uyachore kabla ya ukuta wa kwanza. Na jiwe la Mwanza linaloonekana ni salamu tu, lenyewe liko chini.

Fundi hakuwa na wasiwasi. "Injinia, hilo tunalichoma." Kuchoma ni njia ya siku nyingi hapa: unawasha moto mkali juu ya jiwe hadi lipasuke, nyundo inamalizia, na vipande vinageuka kokoto. Kuni ziliwaka, moshi ukaingia kwa majirani, jirani mmoja akaja kuuliza kama kuna msiba. Jiwe likabanduka ngozi kidogo. Ulipopoa moto, yule mjusi wetu mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, ambaye wanasayansi wamempa jina la mji, Agama mwanzae, akarudi kukaa juu yake na kumtikisia fundi kichwa.

Jiko likahama. Fundi akapendekeza basi jiwe liwe ukuta wa stoo, tuokoe matofali. Nilikataa, na hapa nilishikilia kweli: mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya jiwe na hayaulizi stoo ni ya nani. Tukaacha nafasi ya mtu kupita, tukaweka na mfereji. Sasa mwalimu anaanikia dagaa juu ya jiwe, na anadai wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Lakini mkasa mkubwa ulikuwa wa karatasi. Ramani ilipangwa kwa karatasi ya A2, kipimo cha moja kwa mia. Mzee akaipeleka steshenari kutoa kopi ya kumpa fundi, na kwa kubana matumizi akaomba A4. Mashine ikatii, ikabana kila kitu kwa nusu. Namba zikawa ndogo kama mayai ya chawa. Fundi, ambaye miwani yake aliiacha kwa shemeji, akachomoa rula. Chumba cha mita 4 kwenye karatasi kilikuwa sentimita 2, naye akafunga uzi mita 2.

Nilipofika, mzee alikuwa amelala chini katikati ya uzi, mikono kifuani, anapima. Kichwa kiligusa upande mmoja, viatu upande wa pili.

"Natosha," akaniambia bila kuinuka. "Ila mama yenu sijui tumweke wapi."

Siku hizi naandika vipimo kwa herufi zinazosomeka hata kwenye kopi ya A4, milimita na chini yake futi, 3600 na karibu futi 12, kwa sababu programu inahesabu kwa milimita na Butimba inahesabu kwa futi. Pembeni nachora mstari wa mita tano. Karatasi ikisinyaa, mstari unasinyaa nayo, na mwenye rula anapata cha kulinganishia. Juu kabisa naandika kwa wino mzito: FUATA NAMBA, USIPIME KWA RULA. Muhuri sipigi mimi, unapigwa na mbunifu majengo aliyesajiliwa na bodi ya taaluma hiyo, AQRB. Maneno hayo ya rula ndiyo mchango wangu mkubwa.

Sijagusa ndugu. Ramani ilipoingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, shangazi wa Geita aliongeza chumba cha wageni, yaani chake. Mtoto aliyeko Dar akataka paa la kuficha, lile la kisasa linalozungushiwa ukuta hadi bati zisionekane. Akaulizwa nani atapanda kuzibua mfereji majani yakiuziba wakati wa masika, akatoka kwenye kundi. Mpwa akataka kibanda cha kupumzikia ufukweni kabisa, nikamtajia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na mita zake 60 kutoka majini. Hakusadiki mpaka mwalimu alipomkumbusha mwaka 2020, ziwa lilivyopanda likaingia kwenye nyumba za watu bila kubisha hodi.

Nyumba imesimama, bati za msauzi zinaonekana toka barabarani. Wiki iliyopita rafiki wa mwalimu alikuja kutembea, akazunguka uani, akaketi karibu na dagaa, na jioni hiyohiyo akanipigia simu. Ana kiwanja tambarare upande wa Kisesa, anataka nyumba kama ile bila kupunguza kitu, na aliomba nimwulizie jiwe la namna ile linauzwa wapi, na kama bei ni pamoja na usafiri.