Yah: Ombi la Kuruhusiwa Kuwepo Kabla ya Mwaka 2016

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Meza Kuu,
Mkoa wa Songwe.

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Sisi wakazi wa Tunduma tunakushukuru kwa kila ujio wako. Kila unapofika husomewa taarifa, na taarifa huanza vilevile: Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Mbeya. Tunapiga makofi. Kisha yanafuata madarasa, matundu ya vyoo na mapato ya ndani. Hatuna ugomvi na matundu ya vyoo. Ila wazee wetu, waliozaliwa zamani kabla ya tangazo hilo la serikali, wameanza kuuliza kama walizaliwa kwa kufuata utaratibu.

Kwa heshima na taadhima, tunaomba mwanzo wetu usogezwe nyuma kidogo.

Tukisema nyuma hatumaanishi mbali sana. Huko mbali tayari kuna mwenyewe: dinosaria aliyechimbuliwa kwenye miamba ya Galula, ambaye mwaka 2017 wanasayansi walimpa jina la Shingopana songwensis. Huyu ndiye mkazi wa Songwe mwenye kumbukumbu zilizonyooka kuliko wote. Mifupa ya shingo yake imepimwa mmoja mmoja na kuandikwa kwenye majarida, ingawa alikufa mamilioni ya miaka iliyopita. Bibi aliyezikwa juzi mtaani kwetu, aliyejua nani alifyeka pori la kwanza na kisima kipi kilichimbwa lini, ameacha daftari la rambirambi tu. Na humo walioandikwa ni waliochanga.

Vilevile tunajivunia Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi: karibu chuma kitupu, kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott. Wanyiha, waliokuwa wakiishi jirani nacho na kuyeyusha chuma chao wenyewe kwenye matanuru marefu ya udongo, hawakukigundua. Wao walikuwa wanakijua tu. Mwaka 1967 kikawekwa chini ya ulinzi wa sheria, na leo wageni hukifuata toka mbali. Ni jambo jema. Tunauliza tu, Mheshimiwa, kama ili kuhifadhiwa katika mkoa huu ni lazima uwe umeanguka kutoka mbinguni.

Usidhani hatukuandikwa kabisa. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walitugawa wakiwa Berlin, na mwaka 1898 tume yao ikaja kuweka alama za mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta shangazi yuko kwa Mjerumani na mjomba yuko kwa Mwingereza. Karatasi za kazi hiyo zilitunzwa vizuri, huko Ulaya. Mmisionari wa Kimoraviani, Elise Kootz-Kretschmer, aliandika maisha ya wanawake wa ukanda huu, kina Narwimba na Chisi, waliopitia utumwa wakaishi kusimulia. Yalichapwa kwa Kijerumani, kisha yakatoka kwa Kiingereza katika kitabu cha Marcia Wright cha mwaka 1993. Kwa hiyo mjukuu akitaka kujua bibi zake walivyonusurika, aanze na Kijerumani. Kikimshinda, kipo Kiingereza.

Hayo yamepita. Hofu yetu ni kwa yale ambayo wenyewe bado wanakaa kibarazani. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, njia ya Zambia ya kusini ikaingia mashakani. Mafuta yakapanda kwa malori kutoka Dar es Salaam na shaba ikashuka, kwa barabara ya vumbi na matope iliyopita hapahapa Tunduma. Mwaka 1968 likaja bomba la mafuta la TAZAMA. Kuanzia 1970 hadi 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860. Waliokuwa madereva, utingo, vibarua wa tuta la reli na mama lishe waliowapikia ndio walioufanya mji huu uwe mji. Walio hai ni wazee sana. Hawana uzio wala mlinzi, na kuwasikiliza hakuna kiingilio.

Tunaambiwa bajeti ni finyu. Makadirio yetu ni haya: simu moja inayorekodi, wanafunzi wawili wa sekondari, na mzee mmoja kila Jumamosi, akisimulia kwa Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali au lugha yoyote anayoiotea ndoto. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine kwa familia. Gharama haifikii maji ya chupa ya meza kuu.

Na siku ukija tena, kabla ya taarifa ya utekelezaji, mzee mmoja apewe kipaza sauti kwa dakika kumi. Ratiba ikibana, zikatwe kwenye utambulisho wa waheshimiwa, hao tunawafahamu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Tunduma

Nakala kwa:
Ndugu zetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka: kwa nyongeza, maana nusu ya habari iko kwenu.
Vijana wote wenye simu zenye chaji: kwa utekelezaji, bila kusubiri majibu ya barua hii.